Ukili Juu ya Boriti

Mama yake Asiya alifariki akiwa hajamaliza mkeka wake, na pale Msambweni la kufanya lilijulikana: kazi ya mkono ya marehemu humaliziwa na mwanawe kabla ya arubaini, ili mwenyewe apumzike. Asiya hakuimaliza. Aliuviringa ule ukili, ukanda wa miyaa ya mkindu ambao ungeshonwa mkeka, akautundika kwenye boriti juu ya meza yake, akasema atapata nafasi.

Huo ulikuwa mwaka wa uhuru. Mwaka wa pili ukaingia na nafasi haijapatikana, maana Asiya alikuwa amekuwa mtu wa redio. Hadithi zake zilisomwa Mombasa kila wiki, na watu tangu Diani hadi Kombani waliwanyamazisha watoto ili wazisikilize. Hakumwambia mtu zinakotoka. Kila alasiri akiketi mezani, miyaa ilianza kuchakarika juu yake, kisha sauti ya mama ikasimulia, taratibu, kama zamani alipokuwa akisuka. Asiya akiitikia "Enhe?", sauti iliendelea. Yeye aliandika tu.

Lakini sasa sauti ilikuwa imechoka. Ilirudia maneno, ilikohoa. Hadithi ya mjane aliyemfuata mumewe kisimani ilikwama kwenye ukingo wa kisima, na watu wa redio walikuwa wanaingoja. Asiya mwenyewe alikuwa amekonda. Chakula hakipiti, usingizi hauji.

Mishi, dada mkubwa wa marehemu, alikuja kumjulia hali.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Lete mkono." Akaugeuza penye mwanga wa dirisha. Ncha za vidole zilikuwa na michaniko myembamba. "Hivi ni vidole vya msusi. Unasuka nini?"

"Sisuki. Ninaandika."

"Kalamu haikati hivi." Mishi akainua macho kwenye boriti, akauona ukili. "Lo, Asiya! Mwenzio amekwisha kufa, nawe bado wamfanyisha kazi?"

"Nikiumaliza hatasema tena. Nitaandika nini mimi?"

"Hilo silijui. Nijualo, dada yangu alipenda mno kulala mchana. Tulimwita kwa kelele akajifanya hasikii. Mwache alale."

Asiya alicheka bila kutaka. Kisha akapanda kiti, akaushusha ukili. Ulikuwa mrefu kuliko ulivyokuwa alipoutundika, na huko mwishoni miyaa ilikuwa bado mibichi.

Mishi alivuta kanga kichwani, akasoma Fatiha. Alilowesha miyaa mingine katika beseni, wakaketi ukumbini, Asiya akasuka, Mishi akaushona ukili uwe mkeka. Kila Asiya alipokaza, alihisi upande wa pili mtu anakaza pia. Alipofunga fundo la mwisho, kule kukaza kukalegea. Nyumba ikawa kimya.

Alirudi mezani, sauti haikuja. Kesho yake pia. Basi akaacha kuandika: akala, akalala, akaenda na Mishi Kombani kununua mihogo, akamsikiliza akigombana na muuzaji njia nzima ya kurudi, ingawa muuzaji alikuwa amebaki sokoni.

Vidole vilipopona, akaichukua hadithi ya mjane. Akaandika sentensi moja. Haikuwa nzuri: mjane alichungulia kisimani, akaona uso wake tu, akateka maji akaenda zake.

Asiya akatua kalamu, akangoja kwa mazoea. Juu ya boriti palikuwa patupu.

"Enhe?" akajiitikia mwenyewe, akaendelea.