Mavyaa Ataka Kumwona Beberu

Kicheko kilinitoka kabla sijajua kuwa ni changu. Kilipaa juu ya vichwa vya watu kama kwale aliyeshtuliwa majanini, na nilipotaka kukirudisha kilikuwa kimekwisha kwenda. Watu wa mbele wakageuka. Mwanga wa mashine ya sinema uliwapiga usoni, nikawaona wakinitambua mmoja baada ya mwingine. Huyu si Awor? Si mjane wa Okware? Mwanamke aliyeketi ubavuni mwangu alivuta mkeka wake akasogea.

Kwenye kitambaa cheupe kilichofungwa kati ya nguzo mbili, hapo uwanja wa soko la Busia, mbuzi dume aliyevaa blanketi shingoni alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa. Na mume wangu alikuwa amekufa kwa kuanguka kutoka juu ya paa. Matanga yake yalikuwa bado hayajaanuliwa.

Siku hizi wajukuu wangu hucheka mbele ya televisheni kutwa, wala hakuna anayewauliza wanacheka nini. Mimi niliulizwa.

Okware alikuwa fundi wa mabati. Alinikuta kwetu Kiyeyi, mwaka ule Waingereza walipokuwa wakifungasha virago, alipokuja kuezeka nyumba ya mwalimu jirani yetu. Kutwa nzima alikaa juu ya paa akinitupia maneno kila nilipopita na mtungi, na kwa kuwa yeye ni Mteso nami ni Mjopadhola, maneno yenyewe aliyatupa kwa Kiswahili, cha kuokota njiani kama chetu sote. "Dada, huko chini kuna joto? Huku kuna upepo, panda!" Baba alisema mtu anayeposa akiwa juu ya paa hana adabu. Lakini alicheka alipokuwa akisema, na ubishi ukaishia hapo.

Alianguka akiezeka nyumba ya mama yake mwenyewe. Mvua ya asubuhi ilikuwa imepita, mabati yalikuwa hayajakauka. Mavyaa wangu, mama yake Okware, aliitwa Akongo. Yeye ndiye aliyesimama chini akimpandishia misumari ndani ya kopo. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba napalilia wimbi. Nikasikia bati likilia, kisha misumari ikimwagika, kisha sikusikia kitu. Nilipozunguka nyumba, nilimkuta mavyaa ameinama anaokota misumari. Anaokota mmoja mmoja, anarudisha koponi, na mwanawe amelala pale pale mbele yake. Hakutaka kuinua macho. Nadhani alijua kwamba akiyainua, jambo lile litakuwa limetokea.

Tangu siku hiyo aliacha kuzungumza. Aliitikia salamu, alituma watoto, basi. Nami, na binti zangu wawili, Goretti na Mable, tulijifunza kutembea humo bomani kama watu wanaopita karibu na mgonjwa aliyelala.

Gari la sinema lilikuwa la watu wa sabuni. Lilizunguka Tororo, likashuka mpaka Busia, na kila lilipotokea, watu walikuja kutoka pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya. Wakati huo kijiti cha mpakani kilikuwa cha kuzuia malori, si cha kuzuia watu. Walionyesha kwanza mama anayefua shuka mpaka inang'aa. Hapo watu walivumilia. Halafu ndipo alipokuja Beberu.

Hatukujua jina lake la Kizungu. Sisi tulimwita Beberu, kwa kuwa ni mbuzi dume, na siku ya kwanza kabisa mtu mmoja alipaza sauti kutoka gizani, "Mabeberu si tumewafukuza juzi? Huyu amerudi lini?" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na jina likashika. Alikuwa mbuzi wa kuchorwa, lakini anatembea kwa miguu miwili, na kazi yake ilikuwa kuokoa watu. Nguvu alizipata kwa kula kisicholiwa: akila kofia, akila kiatu, blanketi lake hujaa upepo naye huruka. Shida ni kwamba hakujizuia. Akitumwa kumwokoa mtu kisimani, aliila kamba. Akitumwa kuzuia treni, aliila bendera nyekundu. Mwishowe mtu aliokoka, lakini kwa bahati.

Watu walimpokea kila mmoja kwa namna yake. Mzee Omaido, mfugaji asiyekosa hata onyesho moja, aliuliza kila mara mwenye mbuzi huyo yuko wapi, na kwa nini hamfungi. Katekista aliona si vizuri mnyama mwenye pembe kupita mawinguni kuliko na malaika. Wanawake wa upande wa Kenya walimpigia vigelegele kama bwana harusi. Kuna mama mmoja kutoka Masinya alileta kiganja cha chumvi akakiweka chini ya kitambaa, amlambishe. Alijua ni picha. Alisema tu kwamba mgeni ni mgeni.

Aliyemfanya mbuzi aseme alikuwa kaka yangu Ofwono. Sauti ya mkandani ilikuwa ya Kiingereza, ikatokota huko nyuma kama maji ya kuchemka. Ofwono alisimama kando ya gari na kipaza sauti akasema yake. Wateso wakidai Kiteso, Wajopadhola wakidai lugha yetu, Wasamia nao wamo, kwa hiyo alishika Kiswahili cha soko, akakikatakata alivyotaka. "Mimi nakwenda sasa hivi! Nani nalia huko?" Na Osborn, mwenye mashine, aliyezaliwa Kisumu na kujiona bingwa wa lugha, alimsahihisha kwa sauti: "Ninakwenda! Nani analia!" Watu walicheka na hilo pia.

Jioni ile nilikwenda kuuza karanga, si kutazama. Niligeuzia kitambaa mgongo. Lakini sauti ya kaka yangu sikuwa nimeisikia tangu mazishini, na sauti ya ndugu inajua njia ya kuingia. Nikageuka kidogo. Beberu alikuwa amepanda juu ya nyumba kumtoa kuku aliyenaswa. Akala ngazi. Akateleza. Akabaki hewani kitambo, anatutazama, ndevu zimesimama, akatupungia mkono, kisha akaenda chini mpaka ardhi ikatingishika. Alikuwa bapa kama chapati. Kisha chapati ikainuka, ikajikung'uta vumbi, ikatazama kulia na kushoto, na kaka yangu akasema kwa hasira ya mtu aliyeonewa:

"Nani nasogeza hii ardhi?"

Hapo ndipo nilipocheka.

Habari hufika nyumbani kabla ya mwenyewe. Kesho yake Omoding, kaka mkubwa wa marehemu, alituita barazani kwa mavyaa. Omoding hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyetuletea mahindi baada ya msiba, na ndiye aliyemzika ndugu yake kwa mikono yake. Lakini sokoni watu walikuwa wamemwuliza, na aibu ilikuwa imemwinamisha macho.

"Shemeji," akasema, "watu wanasema mke wa ndugu yangu anacheka kifo chake. Mbele ya watu. Mbele ya Wakenya. Ni kweli ulicheka?"

"Nilicheka."

"Alipoanguka?"

"Alipoinuka," nikasema. Lakini hata mimi sikuwa na hakika.

Akakuna goti lake. Kisha akasema lililomleta: mwanamke ambaye moyo wake umekwisha ondoka, mwili nao uruhusiwe uondoke. Nirudi Kiyeyi kwa kaka zangu. Goretti na Mable ni damu ya Okware, watabaki.

Nikamtazama mavyaa. Alikuwa ameketi juu ya mkeka anaambua maharagwe, vidole vinakwenda, uso haupo. Nilidhani hatasema. Omoding naye alidhani hivyo. Alikuwa ameanza kuinuka.

"Kabla sijasema neno," akasema Akongo, "nataka kumwona huyo mbuzi."

"Mama, ni picha tu."

"Kama ni picha tu, mbona unanifukuzia mke wa mwanangu kwa ajili yake?"

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema tangu tuzike.

Gari la sabuni lilikuwa Tororo Jumamosi hiyo, likionyesha mchana kwa ajili ya watoto wa shule katika ukumbi wa parokia. Tulipanda basi, mavyaa na mimi. Omoding alitangulia kwa baiskeli, kana kwamba kukaa nasi kiti kimoja kungekuwa kukubali kitu. Njia nzima mavyaa alishika mfuko wake magotini. Alikuwa amevaa gomesi ya kanisani, mshipi umefungwa vizuri. Mwamba wa Tororo ulipotokea dirishani aliutazama mpaka ukapita.

Ukumbini walikuwa wametundika mablanketi madirishani, na jua lilipenya kwenye matundu yao likadondosha vidoa juu ya watoto. Ofwono alipotuona mlangoni, kipaza sauti kilishuka mkononi mwake. Nilikwenda nikamnong'oneza Osborn mkanda tunaoutaka. Mavyaa alikwenda moja kwa moja mpaka benchi la mbele, watoto wakampisha. Omoding alisimama ukutani.

Mama wa shuka akapita. Beberu akaja. Akaanza kupanda nyumba. Akala ngazi. Akateleza. Na kaka yangu, ambaye sauti yake haikuwahi kukatika hata jenereta ilipokatika, akanyamaza. Watu wazima waliokuwemo walijua habari, nao wakanyamaza, na watoto walipoona wakubwa wamenyamaza, wakaogopa kucheka. Ilibaki mashine ikitetemeka peke yake. Mbuzi akaanguka bila neno. Akainuka bila neno. Akafungua mdomo na kufumba.

"Ofwono," akaita Akongo kutoka mbele, kwa Kiswahili chake cha soko, "mbona nanyamaza? Mbuzi nasema nini?"

"Mama," akasema kaka yangu, "yeye... yeye nauliza nani nasogeza hii ardhi."

Mavyaa alikaa wima, mgongo wake haukuniambia kitu. Kisha akainua mkono kama mwanafunzi.

"Nirudishie."

Osborn akapiga kitu kwenye mashine yake, na mkanda ukaanza kwenda kinyumenyume, taa ikiwa bado inawaka. Sikuwahi kuona jambo lile, wala sidhani kuna mwingine mle ndani aliyewahi. Mbuzi alirudi chini akawa bapa. Kisha ardhi ikamwachia. Akapaa. Alipanda taratibu, miguu juu, blanketi likimfuata, akatupungia mkono, akapita hewani akirudi, mpaka kwato zake zikashika paa naye akasimama wima juu ya nyumba, mzima, amekunja mikono kifuani kama fundi anayetazama kazi yake.

Akongo alikuwa amesimama. Sikumwona alipoinuka.

"Hapo," akasema. "Mwache hapo."

"Haiwezekani, mama." Osborn alisema kwa upole ambao sikujua anao. "Nikimsimamisha, taa itamchoma. Mkanda utaungua."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mavyaa alisimama mbele ya kitambaa, kivuli cha kichwa chake kikigusa ukingo wa ile nyumba. Tulisubiri wote, mpaka watoto.

"Basi," akasema. "Mwachie aanguke."

Osborn akaugeuza mkanda uende mbele tena, mbuzi akateleza. Na safari hii kaka yangu alisema yote, kwa sauti iliyokuwa ikipasuka katikati, na alipofika kwenye ardhi iliyosogezwa, nilisikia sauti nyembamba, kama ya mlango ambao haujafunguliwa muda mrefu. Ilikuwa ya mavyaa. Alikuwa anacheka. Alicheka na mabega, alicheka akajishika magoti, na machozi yakamtoka yakamwagika juu ya gomesi ya kanisani, naye hakuyafuta. Watoto wakaachilia vicheko. Ukumbi ukavuma. Nilikwenda nikamshika mkono, akanibana vidole hadi vikauma, akaniambia sikioni kwa Kiteso, "Alinitazama, Awor. Alipokuwa anaanguka. Alinitazama mimi, akataka kusema kitu." Hakuwa amemwambia mtu. Siku zote zile alikuwa peke yake na macho yale.

Tulitoka nje, jua likatupofusha. Omoding alikuwa ameshika baiskeli yake, anachezea kengele bila kuipiga. Macho yake nayo yalikuwa mekundu, akasingizia vumbi.

"Mama," akasema, "sasa tunasemaje?"

"Tunasema nini tena? Huyu ni mke wa mwanangu. Anakaa kwake na watoto wake. Na wewe ukiulizwa sokoni, waambie hata mama yake alicheka." Akajifunga mshipi upya, akatazama barabara yote ya mji kama mtu aliyeshuka kwenye gari sasa hivi. "Wapi hapa wanakaanga samaki? Nina njaa."

Omoding alijua mahali. Akasukuma baiskeli mbele yetu, polepole, tukamfuata.