Joka la Shimoni kwa Saleha

"Joka! Nimelisikia kwa masikio yangu haya, linakoroma ndani ya shimo lako!" Kijakazi, jirani yake Saleha, alikuwa amepanda tofali upande wake, kichwa chake kimechomoza juu ya ua wa makuti. "Na moto wake wa buluu nimeuona jikoni kwako. Nani ale chakula cha moto ule?"

Saleha, mwiko mkononi, hakujua acheke ama alie. Pongwe nzima ilijua kuwa mchana wa Ijumaa sufuria ya Saleha haifunikwi, apitaye hula. Lakini tangu mafundi wachimbe lile shimo la samadi na kumfungia jiko linalowaka kwa gesi ya samadi hiyo, na Kijakazi akapeleka habari za joka bombani kwa wachota maji, hapiti hata paka. Na leo kapika pilau ya kushibisha harusi. Aile na nani, ng'ombe?

Kukana alikwishakana, hakukumfaa kitu. Basi akakubali.

"Joka lipo, shoga! Ulidhani yale ya kale yalitema moto kwa uchawi? Gesi, mwenzangu! Chakula kinachacha tumboni kama kwa ng'ombe wangu, hewa inajaa, joka linavimba kama puto. Hewa yenyewe nyepesi, ndiyo iliyolirusha. Limwili lote lile, mbawa peke yake zingeliweza?"

"Na kiberiti lilikopa duka la nani?"

"Kuku wako ana nini kwenye firigisi?"

"Vijiwe."

"Haya! Joka nalo lilimeza mawe. Likipiga mbweu, jiwe kwa jiwe, cheche, pwaa!"

Babu Massoud, Mpemba muuza samaki, alikuwa akipita. Aliposikia joka, baiskeli ikasimama yenyewe.

"Shikamoo, Babu," alisema Saleha.

"Marahaba. Msilikatae joka, nyie. Silikanti, yule samaki wa kale, si wataalamu walisema katoweka kabla ya dunia kuwa na watu? Wavuvi wakamtoa hapa hapa Tanga, macho kodo!"

"Basi mifupa ya joka iko wapi?" Kijakazi akadakia. "Mapango yote yale ya Amboni, hata jino?"

"Mifupa ya kurukia ni kama ya njiwa, husagika," alisema Saleha. "Na mengine yalivimbiwa, yakapiga mbweu vibaya, yakalipuka!"

Kofia ya Babu Massoud ilidondoka kwa kicheko. Kijakazi akabana midomo, ikamshinda. Kicheko kikamtoka puani, tofali likayumba, ua ukalala naye, puu, hadi miguuni pa Saleha. Shimo nalo likakoroma: blubu.

"Mama weye!" Kijakazi akainuka, akamkumbatia Saleha kiunoni.

"Limeshiba tu. Njoo ulishike ulimi."

Jikoni, Kijakazi akafungua koki kwa ncha ya kidole, akawasha. Moto wa buluu ukachanua. Akapiga ukelele, akauzima, akauwasha tena, akauzima, akauwasha.

"Wala halina moshi!"

Kisha akatoka mlangoni mbio, na kwa sauti ile ile iliyomwaga umbea bombani akaita mtaa mzima: "Enyi! Njooni mlione joka, mie nimeliwasha!"

Milango ikafunguka, kandambili zikaanza kulia njiani.

"Babu, egemeza baiskeli hiyo," alisema Saleha, akicheka na kufuta machozi kwa kanga. "Nawe Kijakazi, nawa mikono. Karibu ndani, shoga, ule."