Kibanio Chekundu

Kibanio chekundu kilikuwa mkono wangu wa kulia, cha bluu mkono wa kushoto, na watu wanne walikuwa wakinisubiri. Mezani, kando ya foronya iliyokung'utwa, kulikuwa na vibanio vingine vinne: viwili vyekundu, viwili vya bluu. Nyuma yetu mashine kubwa ya kufulia ilikuwa imefika kwenye kukamua, ikaitikisa sakafu mpaka vibanio vikaanza kucheza mezani, kana kwamba navyo vimechoka kunisubiri.

"Mtumishi, mapumziko yanakwisha," Spika alisema. "Toa kura yako, baba."

Mama Pasi alikuwa amekaa kwenye ndoo yake aliyoipindua, mikono magotini, akitazama skrini iliyosimamishwa. Hakunitazama kwa sababu hakuona haja. Tulikuwa tumeona pambano moja, kwa macho yale yale.

Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Mpaka leo nikishika kibanio cha nguo huangalia kwanza ni cha rangi gani.

Tulikuwa wafuaji wa hospitali. Chumba chetu kilikuwa chini kabisa ya jengo, madirisha yako juu karibu na dari, na cha nje ulichoweza kuona ni viatu vya wapita njia. Shuka za jengo zima zilishuka kwetu kwa toroli, zikafuliwa, zikapigwa pasi, zikafungwa mafungu na kubanwa: kibanio chekundu kwa chumba cha upasuaji, cha bluu kwa wodi. Vibanio vilikuwa kila mahali, mifukoni, kwenye kola, hata kwenye nywele za Mama Pasi.

Mama Pasi hakuwa mama wa mtu. "Pasi ndiyo mwanangu," alikuwa akisema. "Hainijibu vibaya, na ikiniunguza najua kosa ni langu." Yeye ndiye aliyetuambukiza ugonjwa wa mapambano ya kizimbani, yale ambamo watu wawili hufungiwa ndani ya wavu na karibu kila kitu kinaruhusiwa: ngumi, teke, mieleka, kabari. Mara ya kwanza nilifumba macho nikaanza kuomba kimoyomoyo. Akanisogezea ndoo.

"Usitazame damu, Mtumishi. Tazama miguu. Anayejua pa kuweka mguu ndiye anayejua anachofanya."

Nikatazama miguu. Mwezi haukwisha kabla sijaanza kubishana kama wengine, mimi ambaye nilizoea kula mchana mzima bila kuongea na mtu.

Mapambano yalifanyika mbali, mwishoni mwa wiki. Sisi tuliyatazama Jumatatu wakati wa chakula, kwenye skrini ndogo ya dereva wa gari letu la shuka, na tulikuwa na sheria zetu. Aliyekwisha kujua matokeo afunge mdomo. Sauti izimwe. Hiyo ya pili ilikuwa ya Mama Pasi. "Mtangazaji analipwa kupiga kelele," alisema. "Ukimsikiliza utaona ngumi ambazo hazikupigwa." Raundi ya mwisho ikiisha, kabla matokeo ya majaji hayajasomwa, tulisimamisha picha, na kila mmoja akatia kibanio kwenye foronya, chekundu au cha bluu, kufuatana na kona ya aliyeona ameshinda. Baada ya hapo ndipo tulipofungulia sauti, tukawasikiliza majaji na kuwaita wezi.

Foronya niliishika mimi. Sikupiga kura isipokuwa kura zikilingana, na hapo nilipiga wazi, mbele ya wote. Walinichagua kwa sababu nilikuwa mtu wa sala. "Huyu hata akiua mbu anamwomba radhi," alisema Povu, mtu wa mashine. Nilicheka pamoja nao, lakini usiku ule nilipopiga magoti nilimshukuru Mungu kwa ajili ya foronya. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, naishi peke yangu katika chumba kimoja, na sikumbuki kabla ya hapo watu kunikabidhi kitu chao na kuniamini.

Mwaka ule ule nilianza darasa la jioni. Nilikuwa mtu mzima nisiyeweza kusoma hata kibandiko cha dawa niliyoandikiwa. Kanisani nilishika kitabu cha nyimbo kama wenzangu na kugeuza ukurasa wao walipogeuza. Darasa lilianza saa kumi na moja jioni, na zamu yetu iliisha saa kumi na moja hiyo hiyo, kwa hiyo ilinilazimu kuondoka saa moja kabla. Mafungu yangu yaliyobaki aliyamaliza Mama Pasi. Sikumwomba. Siku ya kwanza alinivua tu aproni, akaniambia, "Nenda. Kesho uniambie mmefika herufi gani." Kila asubuhi nilimwambia. Tulipofika kwenye M, nilimwandikia "Mama" kwa kidole kwenye mvuke wa kioo cha mashine, naye akasimama akitazama mpaka maandishi yakatiririka yote.

Msimamizi wetu alipostaafu, sote tulijua kiti ni cha Mama Pasi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili pale. Kiti kikaenda kwa Spika, aliyekuwa na miezi minane. Spika hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti tu. Aliingia mahali na mahali pakajua ameingia. Kwenye mikutano ya juu alieleza kazi yetu vizuri kuliko sisi tulivyoifanya. Mama Pasi aliposikia habari alisema, "Kile kiti kina magurudumu. Ningeanguka." Tukacheka. Akarudi kwenye pasi, na siku ile alinyoosha shuka moja mara tatu.

Ndipo walipokuja Radi na Kobe, kwenye skrini.

Radi alikuwa kijana wa moshi na taa. Kabla hajapigana tayari picha zake zilikuwa kila mahali, na kila alipofungua mdomo mtu alikuwa ameshaweka kipaza sauti. Kobe alikuwa na miaka thelathini na sita na sura ya mtu anayesubiri fundi bomba. Aliingia kizimbani kama anayeingia ofisini. Akamshika mtu, akamwangusha, akamlalia, akambana mpaka kengele.

"Kulala juu ya mtu si kupigana!" Spika alinguruma.

"Kwani aliye chini yuko likizo?" Mama Pasi akamjibu.

"Nani analipa kiingilio aje kumwona Kobe? Taja mmoja!"

"Kwa hiyo majaji wahesabu tiketi?"

"Mama, Radi ana mvuto. Ana jina."

"Jina amepewa na wenye kuuza. Mimi naulizia mikono yake."

Wiki tatu walibishana hivyo, juu ya vichwa vyetu, juu ya ngurumo za mashine. Dereva alikuwa wa Radi. Povu alikuwa wa Kobe, zaidi kwa kumpenda Mama Pasi. Hakuna aliyekitaja kile kiti chenye magurudumu. Lakini Mama Pasi aliposema, "Nataka siku moja tu mtu ahukumiwe kwa alichokifanya," hata Spika ilibidi akitafute kicheko.

Asubuhi ya Jumatatu ile, karatasi yangu ya ruhusa ya kuondoka mapema kwa muhula mpya ilikuwa mezani kwa Spika, haijasainiwa. Siku tatu nilikuwa nimefunga na kuomba kwa ajili yake. Nilipopita na toroli aliniita.

"Karatasi yako naiona, Mtumishi. Tukishamalizana na Radi mchana, nitaishughulikia."

Mpaka leo sijui kama alimaanisha kitu. Nadhani hakumaanisha. Lakini maneno yale niliyabeba asubuhi nzima kama shuka mbichi, na kadiri nilivyoyabeba yalizidi uzito.

Mchana tukatazama. Radi kona nyekundu, Kobe bluu. Raundi ya kwanza ilikuwa ya Radi, hilo halina ubishi: alimpiga Kobe teke la shavu, Kobe akapiga goti. Raundi ya pili Kobe alimkokota mpaka kwenye wavu, akamwangusha, akakaa juu yake kama mzigo. Raundi ya tatu nilitazama miguu. Ya Radi ilikuwa ikitafuta mahali pa kwenda na hapakuwepo. Sekunde za mwisho alirusha ngumi nyingi za haraka, zote zikaangukia mikono ya Kobe. Kwa sauti ingekuwa tufani. Bila sauti ilikuwa mtu anayepunga mikono.

Foronya ikazunguka. Nikaikung'uta. Mbili kwa mbili.

Nilifumba macho, wakadhani naomba. Nilijaribu. Kilichokuja hakikuwa Mungu. Ilikuwa ile karatasi, na kitabu cha nyimbo nilichokishika miaka yote bila kukisoma. Nikajiambia ni mchezo tu. Nikajiambia Mama Pasi ataelewa, yeye kuliko wote anataka nisome.

Nikaweka chekundu.

Spika akapiga meza. Dereva akainuka akicheza. Povu akasema, "Aaa, Mtumishi!" kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa. Mama Pasi aligeuka, akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama vile alivyotazama shuka iliyotoka kwenye mashine na doa ambalo hakulitegemea.

Dereva akafungulia sauti. Majaji walikuwa watatu, watu wa kulipwa, ambao kila Jumatatu tuliwaita wezi. Wote watatu walimpa Kobe.

Mashine ikamaliza kukamua wakati huo huo.

"Wezi!" Spika akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alitoa kalamu, akasaini karatasi yangu juu ya goti bila hata kuisoma. Akinikabidhi aliniuliza kwa chini, "Lakini wewe kweli uliona Radi? Mimi niliweka nyekundu kwa ubishi tu. Ile raundi ya tatu hata mimi iliniuma."

Saa kumi jioni nilikuwa bado nimeinamia mafungu yangu. Sikuthubutu kuondoka. Mama Pasi akaja, akaanza kuyahamishia upande wake, moja moja, taratibu.

"Nenda," alisema. "Utachelewa darasa."

Hakuniuliza tena tumefika herufi gani.

Jumatatu iliyofuata hakusogeza ndoo yake. Alisema pasi imepata moto, hawezi kuiacha. Alikula akiwa amesimama, ametupa mgongo. Mafungu yangu aliendelea kuyamaliza kila siku, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Tulijaribu kuendelea bila yeye. Hakuna aliyekumbuka kuzima sauti. Baada ya muda dereva akawa anaangalia matokeo usiku na kutuambia asubuhi, na foronya ikarudi wodini kama foronya nyingine yoyote.

Miezi minne baadaye aliacha kazi akamuuguze dada yake mji mwingine. Siku ya mwisho alipita akitupa mkono mmoja mmoja. Wiki nzima nilikuwa nimeyapanga maneno.

"Mama Pasi," nikasema, "siku ile..."

"Siku ipi?"

Aliuliza na akasubiri. Ninaapa alisubiri. Alikuwa na begi begani na teksi nje, lakini alisimama pale na uso wake wote umefunguka. Mashine ikaanza kukamua. Ningeweza kupaza sauti.

"Siku ile ya mvua," nikasema. "Sikukushukuru kwa mwavuli."

Akatazama chini, kwenye viatu vyangu. "Haya," alisema. "Karibu." Kisha, juu dirishani, niliviona viatu vyake vikipita.

Nimemaliza madarasa yote. Cheti kiko ukutani. Kanisani nasoma somo mbele ya watu, na wananiambia nina sauti ya utulivu. Mwalimu alipotufundisha kuandika barua, nilimwandikia Mama Pasi kurasa mbili. Mwalimu akasahihisha mahali pawili, akaandika "vizuri sana", akaniuliza anwani. Sikuwa nayo. Nimetubu kwa Mungu, na naamini amenisamehe siku ile ile. Lakini si Mungu aliyekuwa amekaa kwenye ndoo akisubiri haki yake.

Jumatatu iliyopita, mchana, nilitazama pambano la mwisho la Kobe. Sasa nina skrini yangu mwenyewe, ndogo, naiegemeza kwenye birika. Nilizima sauti. Niliweka vibanio viwili juu ya meza. Kobe alikuwa kona ya bluu, ndevu zimeingia mvi, na mpinzani wake kijana mmoja mtulivu ambaye hakuna aliyempigia debe. Mwili wangu mzima ulikuwa unamtaka Kobe. Nilimwombea waziwazi, jambo ambalo sijui kama linafaa.

Nilitazama miguu. Raundi zote tatu miguu ya Kobe ilichelewa. Kidogo tu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Kijana alijua pa kuweka yake.

Nikasimamisha picha kabla ya majaji. Nilikaa muda mrefu, birika likapoa. Kisha nikachukua kibanio, nikakitia kwenye foronya ya mto wangu, nikaikung'uta mezani ingawa nilijua kilichomo.

"Nyekundu," nikasema kwa sauti.

Sikufungulia majaji. Nilibaki nimekaa, upande wa pili wa meza ndoo imepinduliwa, nikisubiri mtu anibishie.