Konzi ya Vigae

Nilipofungua tanuri la maabara, matofali yangu yote kumi na mawili yalikuwa yamepasuka. Ilikuwa mara ya tatu. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa kauri, na bila tofali zima la kuhimili moto nisingehitimu. Sikulia. Nilifagia vipande nikavitia guniani.

Udongo ule niliutoa kwetu Kiambere, nikauchekecha mara saba hadi ukawa laini kama unga wa uji. Nilijiona fundi kweli. Wikendi hiyo nikaenda nyumbani na gunia langu, nikalimwaga mbele ya Cucu, bibi yangu, aliyenilea kwa kazi ya kufinyanga vyungu. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Ai, Mbaka! Umechekecha chembe ngumu zote mpaka ukatoa mifupa. Udongo bila mifupa utasimama na nini kwa moto?"

Akaketi, akavitwanga vipande vyangu kinuni. Kwake chungu kilichovunjika hakitupwi. Husagwa kikaingia katika chungu kijacho. Konzi tatu za udongo, konzi moja ya vigae. Nami, msomi, nikazipima konzi zake kwa mizani.

Matofali yaliyofuata yalitoka mazima. Mbele ya jopo la watahini, mwalimu wangu, Daktari Kailemia, aligonga moja kwa ukucha, likalia vizuri.

"Hii mix umetoa wapi?"

"Ni research yangu, sir."

Maneno yalitoka mepesi. Niliona haya kumtaja mwanamke asiyejua kusoma mbele ya jopo lile. Ni miaka sita sasa, na haya ninayoona leo ni nyingine kabisa.

Nilipohitimu nilimpelekea Cucu ripoti iliyojalidiwa, nikamkuta akitwanga vigae. Alipangusa udongo kwa leso, akaipokea kwa mikono miwili.

"Mimi niko wapi hapa?"

Nilifungua penye jedwali, nikaweka kidole kwenye asilimia ya vigae, ile konzi yake moja kati ya nne.

"Hapa, Cucu."

Aliutazama ukurasa kwa muda. Herufi hakuzijua, lakini miaka arobaini ya kuuza vyungu sokoni Gachoka ilikuwa imemfundisha tarakimu.

"Hiyo ni ishirini na tano," alisema. "Mimi naitwa Wawira."

Akanirudishia ripoti, akaendelea kutwanga.