Sauti ya Luqmani Iliyobaki Benki

Tanga nzima, kuanzia Raskazone mpaka kule milimani Amani, hakuna wa kumnyamazisha Luqmani. Hayo aliyasema mwenyewe kila asubuhi kwenye mnada wa samaki, kasimama juu ya kreti la soda lililopinduliwa, kamshika kolekole mkiani. "Mie nanyamaza nikila tu," alisema, "tena kwa heshima ya chakula, si kwa kumwogopa mtu!"

Alikuwa dalali. Akinadi samaki changu, mpishi wa hoteli aliyekuja kununua pweza aliondoka na changu. Mama mmoja alinunua tenga zima la dagaa, naye kapita tu akielekea kliniki.

Alichokosa ni friza. Barafu ya mnadani ililetwa na lori la mtu, na lori lilikuja likijisikia. Lisipokuja, samaki waliharibika huku wenyewe wakiwatazama. Luqmani akapiga hesabu kwamba mwenye friza pale atakuwa bwana. Basi akaenda kukopa kwenye ile benki kubwa ya mjini, yenye mlango wa kioo unaofunguka wenyewe na baridi ya kumfanya mtu akumbuke dhambi zake. Alikuwa akiweka akiba humo tangu hajaoa.

Ofisa mikopo, kijana nadhifu aitwaye Wilfred, akamuuliza ana dhamana gani. Nyumba? Ya urithi, na ndugu wamejaa. Kiwanja? Hana. Gari? Luqmani akacheka mpaka mlinzi akageuka.

"Dhamana yangu sauti hii, mwanangu. Iandike."

Wilfred akaiandika. Hakucheka, maana benki ile wafanyakazi hucheka Ijumaa tu, siku ya kuvaa fulana.

Mkopo ukakataliwa.

"Hama," mkewe Saleha akamwambia, mikono imejaa unga wa maandazi. "Unakatwa ukiweka, unakatwa ukitoa, unakatwa ukiuliza kwa nini umekatwa. Njoo kwenye Saccos yetu. Pale ukikatwa, anayekukata unajua kwao."

Luqmani akaenda kufunga akaunti. Akapewa fedha zake, akasaini, akaambiwa karibu tena. Akafungua kinywa ili ajibu kwamba harudi ng'o, hakikutoka kitu. Akajaribu mara ya pili, ikatoka harufu ya chai ya asubuhi tu. Akatoka nje.

Nyumbani alimwonyesha Saleha koo. Saleha akalimulika kwa tochi ya simu, hakuona kidonda wala uvimbe. Akampikia tangawizi. Kisha, kwa kuwa ni mwanamke wa kufikiri, akapiga simu huduma kwa wateja ya benki.

"Mpendwa mteja, karibu," Luqmani akasema ndani ya simu. "Kwa Kiswahili, bonyeza moja."

Luqmani mwenyewe alikuwa ameketi mbele yake, anakoroga tangawizi.

"Kumbe uko huko," Saleha akasema, akabonyeza moja. Ndoa yao yote mumewe hakuwahi kumwita mpendwa.

Kesho yake wakaenda benki pamoja. Nyuma yao kwenye foleni alikuwapo mzee mkulima wa iliki kutoka Amani, aliyekuja kufuatilia usingizi wake uliobaki humo. Alikuwa na namba, anasubiri zamu.

"Shikamoo mama," Wilfred akasema. Alilelewa vizuri. "Sauti ile ni dhamana. Itaachiwa mkopo ukishalipwa."

"Mkopo gani? Si mlimnyima?"

"Tulimnyima, kweli."

"Basi hana deni."

"Hana kabisa."

"Basi mpe sauti yake, baba, tuondoke."

"Mama, mfumo huachia dhamana deni linapoisha. Deni ambalo halijaanza haliwezi kuisha." Wilfred akawasogezea peremende za wateja. "Ila haikai bure. Tumeipa kazi."

Mambo ya kujibu watu siku zote Saleha alimwachia mumewe. Akamgeukia, na Luqmani akachukua peremende.

Mnadani alijaribu kunadi kwa mikono. Alinyoosha vidole, akapunga, akaruka juu ya kreti. Wanunuzi wakadhani kaumwa na siafu. Alimaliza asubuhi na samaki wale wale. Siku chache baadaye juu ya kreti alisimama Abdulghani, kijana mwenye sauti kama bawaba ya mlango wa stoo. Hakuna aliyemfukuza Luqmani. Walimpisha tu, kama anavyopishwa mgonjwa.

Ikabaki Saccos. Ofisi yake iko Ngamiani, Barabara ya Kumi na Moja, nyuma ya duka la mafuta ya nazi: madawati, kabati la chuma, na Bi Khadija mwenyekiti. Pale mtu hajiungi kwa karatasi, maana wengi wao karatasi zimewahi kuwatia hasara. Mgeni husimama mbele ya wanachama, akataja jina lake, mtaa wake na haja yake, kwa kinywa chake mwenyewe. Akishasema, wote wanamdhamini.

Luqmani akasimama. Wakangoja.

"Nitamsemea mie," Saleha akasema.

"Hapana, mwanangu," Bi Khadija akasema. "Leo mtu akisemewa na mkewe, kesho atasemewa na mganga wake. Kanuni ni kanuni."

"Si sauti yake ipo?" akauliza Mzee Tadeo, mstaafu wa mashamba ya mkonge. "Ipigieni."

Likaonekana wazo la haki. Praxeda, mweka hazina, akaweka simu yake mezani, akawasha spika. Sauti ilipotoka wote wakaitikia kwa vichwa: ndiye. Bi Khadija akaiinamia.

"Luqmani, wataka kujiunga nasi kwa hiari yako?"

"Ombi lako limepokelewa. Tafadhali endelea kusubiri."

"Hajakataa," Mzee Tadeo akasema.

"Lakini hajataja jina."

Wakasubiri ataje. Wakapigiwa muziki. Vocha ya Praxeda ikaisha, mwingine akachangia, na yake ikaisha. Kila muziki ulipokatika wanachama waliinua shingo, na sauti iliwaambia wao ni muhimu sana. Luqmani alikuwa bado amesimama, midomo inamcheza.

Mwishowe Bi Khadija akavuta pumzi. "Mtu ambaye sauti yake imeajiriwa kwingine hatuwezi kumpokea. Nisamehe, mwanangu. Mkopo tutampa Saleha, yeye ni mwanachama."

Friza ikaja kwa jina la Saleha. Sasa Luqmani anauza barafu ya mkewe mlangoni mwa soko. Barafu haitaki maneno: mtu ananyoosha kidole, anapewa. Mbele yake Abdulghani anawika, na changu wanauzwa kama changu tu. Saleha ameshakwenda benki mara nyingi, anarudi na peremende. Mzee wa Amani humkuta kule kule, macho mekundu.

Sauti yenyewe inaendelea vizuri. Imepandishwa cheo. Siku hizi ndiyo inayowaarifu watu kwamba mikopo yao imekataliwa, na watu wanasema ni afadhali, wanakataliwa na mtu wanayemfahamu.

"Lakini sisi wa Barabara ya Kumi na Moja tulikataa kuonewa," ndivyo mie jirani yao ninavyomalizaga hadithi hii, na juzi niliimaliza hivyo kwenye foleni ya barafu, mbele ya wageni waliotoka Pangani. "Tulihama benki ile sote, mtaa mzima! Hakuna aliyebaki wa kuipigia simu. Sauti ya ndugu yetu inasema na ukuta!"

Wageni wakaguna kwa heshima. Luqmani alikuwa ananifungia barafu yangu, Saleha kasimama pembeni yake.

"Mpendwa mteja," Luqmani akasema kutoka mfuko wa shati langu, "bado upo?"

Nilikuwa nimewekwa kwenye foleni ya simu ya benki ile ile tangu asubuhi, nikasahau kuikata. Wageni wakautazama mfuko, kisha wakamtazama Luqmani, ambaye aliendelea kufunga mfuko wa barafu, fundo la kwanza, la pili.

"Anakuuliza," Saleha akaniambia. "Mjibu."