Hatua Isiyoandikwa

Mtu na akili zake timamu anaandika hatua arobaini na moja za kupandisha programu kwenye seva, anazihesabu mara mbili, anazibandika ukutani kwa madaha, kumbe kairuka moja! Ndiye huyo Fundi wetu. Ofisi nzima ilimwita hivyo, kwa sababu kwa miaka mitatu hakuna mwingine aliyeweza kuitoa programu ya maghala kwenye kompyuta zao na kuwafikishia wateja ikiwa nzima. Maghala sitini yaliitegemea kujua nini kimeingia na nini kimetoka. Basi Bosi akaweka sheria yake: toleo jipya halijapanda, Fundi hatoki. Ndivyo alivyokosa mahafali ya mdogo wake. Ndivyo alivyokosa hata siku wazazi wao walipohamia nyumba mpya.

Leo mdogo wake huyohuyo anafunga ndoa, ofisi ya msajili, saa nane kamili mchana, na shahidi wa bibi harusi ni Fundi. Na leo hiyohiyo, eti, toleo jipya!

Lakini safari hii Fundi alijipanga. Kwa miezi minne alikuwa akijenga mtambo ambao ukibonyeza kitufe kimoja tu unachukua kazi ya kila mtu, unaiunganisha, unaijaribu kila pembe, kisha unaipandisha kwenye seva wenyewe. Wakaubatiza Shangazi, maana hapitishi kitu bila kukikagua, na akiona kosa analisema mbele za watu, kwa maandishi mekundu, kwenye skrini kubwa ya ukutani.

Saa tano asubuhi Fundi akabonyeza, gauni la kwendea harusini mwilini, hereni zinacheza masikioni, meno yote nje.

Shangazi akakataa.

"Jamani, anasemaje?" aliuliza Fundi, ingawa macho anayo.

"Anasema kuna faili asiloliona," alijibu Kipara. Huyu ndiye mjaribu programu wao, na msimshangae kwa jina hilo, nywele zake zilitosha kugawia watu watatu. "Hasemi lipi. Anasema tu programu imewaka ikazimika."

Wakajaribu tena. Nyekundu. Wakasoma hatua zote arobaini na moja kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza. Nyekundu! Saa sita ikagonga, Bosi akatoa kichwa mlangoni.

"Si upandishe kwa mkono tu, kama siku zote?"

Kwa mkono ni masaa matatu. Fundi alihisi machozi yanakuja, akayameza, akageuka kwa Kipara ghafla.

"Chomoa hiyo kibodi."

"Nichomoe?"

"Chomoa, nakwambia! Kichwa changu kimesahau kitu, lakini vidole havijasahau. Mimi nafumba macho napandisha programu hewani. Wewe tazama vidole, sema unachokiona."

Loo, kama ungekuwepo! Fundi na gauni lake la maua, macho kayafumba, anaicharaza kibodi isiyoshikana na kitu, na Kipara kapiga magoti pembeni akitangaza kama mtangazaji wa mpira redioni: "Anafungua! Anaandika! Hatua ya tisa hiyo, anaingia ya kumi!" Watu waliacha viti vyao. Mhasibu wa ghorofa ya chini alikuja kuuliza kama kuna msiba, akabaki kushangilia.

"Ya kumi na saba! Ananakili... Ebo! Simama! Umenakili nini hapo?"

"Sijanakili kitu."

"Umenakili! Umenakili, ukabandika, ukaendelea na ya kumi na nane. Rudia."

Alirudia. Vidole vikafanya vilevile, vyenyewe, bila haya. Fundi akafumbua macho polepole.

"Mungu wangu. Ni lile faili la anwani ya hazina ya data. Liko kwenye kompyuta yangu peke yake."

Wakalitafuta. Aliliunda wiki yake ya kwanza kazini, akaliita "ya-muda". Kipara alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na Fundi akacheka zaidi yake, kicheko cha mtu aliyefunguliwa kamba.

Akalipeleka faili mahali pa wote, Shangazi naye alione, akabonyeza. Shangazi akaanza kukagua. Dakika arobaini za ukaguzi, na saa imeshafika saba na robo.

Fundi akachukua mkoba wake.

"Unakwenda wapi?" Bosi alimaka. "Halijapanda!"

"Bosi, ninachokijua chote sasa anacho Shangazi. Nikibaki hapa ni pambo tu."

"Likianguka je?"

"Kipara atabonyeza upya. Kitufe ni kimoja." Alivua viatu vya kisigino, akavishika mkononi, akashuka ngazi mbio, huku akicheka peke yake njia nzima kama mwehu. Alikuwa na furaha, basi tu.

Aliingia kwa msajili saa nane kasoro dakika tatu, jasho linamtiririka, peku. Bibi harusi alikuwa mezani na mchumba wake. Na kwenye kiti cha shahidi, kitambulisho kikiwa tayari mbele yake, ameketi jirani yao.

Simu ikatetemeka mkobani. Fundi hakuigusa.

"Nilimwomba tangu wiki iliyopita," mdogo wake alisema taratibu, bila kumtazama. "Usikasirike, dada. Kila mara unaniambia unakuja."

Kukasirika? Fundi akasirike kwa haki gani?

Jirani akainuka bila kuulizwa, akachukua kitambulisho chake, akakipangusa kiti kwa kiganja.

"Shahidi wa bibi harusi ni nani sasa?" msajili aliuliza, kalamu hewani.

Bibi harusi aliitazama ile miguu yenye vumbi, kisha akamtazama dada yake usoni. Hakuwa amelia tangu asubuhi, lakini hapo poda yote iliharibika.

"Ni huyu," alisema. "Amekuja."