Kibao Kinachotetema

Vrrrrr. Sauti ilitoka nyuma ya mlango uliofungwa, nzito, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Ikanyamaza. Ikaanza upya.

Shindilia akainua kichwa. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la hospitali, yeye na mama yake, wakisubiri kuitwa na mtaalamu wa viungo.

"Hiyo si jenereta," akanong'ona. "Wala si pampu. Pampu haiungurumi hivyo."

"Si ukagonge uulize?" mama akasema bila kufumbua macho. "Utakuja kupasuka bure."

Jina la Shindilia alipewa na mafundi wenzake, maana kazi yake ilikuwa kusukuma mashine ya kushindilia udongo kabla msingi wa nyumba haujamwagwa zege. Mashine alizitambua kwa sauti, kama mtu anavyotambua kikohozi cha jirani. Ile asiyoijua ilimnyima raha.

Kilichowaleta pale ni miguu ya mama. Aliishi peke yake ghorofa ya pili, chumba na jiko, na siku hizi kuinuka kitini kulimtaka ashike meza kwa mikono miwili na mtu amvute. Dada mkubwa alipiga simu, hakuzungusha maneno: anakuja mwisho wa mwezi, na akimkuta mama hawezi kuinuka mwenyewe, anamfungia mizigo na kwenda naye kwake.

"Kwake kuzuri," mama alimwambia Shindilia siku ile. "Lakini nitakuwa mgeni mpaka naingia kaburini. Hata chumvi nitaomba ruhusa."

Mlango ukafunguka. Mtaalamu alikuwa binti mchangamfu mwenye viatu vya raba, na nyuma yake, sakafuni, kulikuwa na kibao kipana chenye vyuma vya kushikilia. Kabla hajasalimu, Shindilia alishapiga magoti kuchungulia chini yake.

"Kaka, mgonjwa ni nani?"

"Huyo anaumwa udadisi," mama akajibu. "Mimi ni miguu tu."

Binti akamuuliza maswali: ana kifaa chochote moyoni? Amewahi kuganda damu mguuni? Amepasuliwa karibuni?

"Mwanangu, balaa kubwa lililonipata ni kumzaa huyu."

Walipomaliza kucheka, Shindilia akauliza hicho kibao kinasaidia nini hasa.

"Kinapotetema, misuli ya miguu inajikaza yenyewe, harakaharaka," binti akasema. "Ni kama unapokanyaga penye utelezi: mwili unajishika kabla hujawaza. Kuna wazee ambao hupata nguvu za miguu kwa njia hii, na kuyumba kwao hupungua. Si muujiza. Na nyumbani mama atafanya mazoezi ya kuinuka kitini vilevile."

Mama akapanda, magoti yamekunjwa kidogo, mikono kwenye vyuma. Kibao kikaunguruma. "Me-e-eno ya-a-angu!" akapiga kelele, akacheka mpaka machozi. Mara kikazimwa. Dakika hata haikufika.

"Ndiyo basi?" Shindilia akashangaa.

"Apumzike, halafu tena. Kidogo kidogo."

Njia nzima ya kurudi Shindilia alikuwa akihesabu vidole, na mama akaanza kuogopa. Kichwani alikuwa anapiga hesabu zake. Kama kile kitoto cha mashine kinasaidia, je, mashine nzima? Mtetemo si mtetemo? Yeye aliyeshindilia misingi ya nusu ya mtaa atashindwa kushindilia miguu ya mama yake mzazi?

Jumapili akaileta mashine yake ya kushindilia uani kwa mama, kwa mkokoteni. Akafunga ubao mnene juu yake kwa kamba, akavuta kamba ya kuwashia. Kuku wakatawanyika. Majirani wakatoa vichwa madirishani.

"Mama, karibu upande!"

Mama alikuwa ameshushwa ngazi na kuketishwa kwenye kiti, mlangoni pa uani. Akaitazama ile mashine, akamtazama mwanawe. "Tangulia wewe nikuone."

Akapanda. Sasa, mashine ile haikuumbwa kutulia. Imeumbwa kwenda mbele ikiponda. Ikaondoka naye. Ikapita kwenye beseni la nguo za jirani, ikavuka mfereji, Shindilia juu yake akipunga mikono, mashavu yakichezacheza kama uji.

"Unaenda wapi, mwanangu?" mama akauliza.

Ukuta ndio uliomjibu. Aliposhuka, kichwa kilikuwa kinavuma.

Walipomrudia yule mtaalamu wa viungo na kumsimulia, hakucheka. Alimshika Shindilia mikono. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimepauka.

"Unazihisi hizi?"

"Asubuhi hapana. Zinaamka baadaye."

"Ndiyo kazi ya mtetemo mkubwa, kutwa, mwaka baada ya mwaka. Huu wa mama umepimwa: nguvu yake, muda wake, na namna ya kusimama. Wako umetengenezwa kuponda udongo, haujui kama kuna mtu. Nenda ukawaonyeshe madaktari mikono hii."

Shindilia akavitazama vidole vyake, kisha magoti ya mama juu ya kibao. Kitu kilekile kilikuwa kinamnyang'anya yeye na kumpa mama. Akaenda kuonyesha mikono, na kuanzia hapo akawa anapokezana zamu na wenzake badala ya kung'ang'ania mashine kutwa.

Nyumbani mama hakubweteka. Chai ikiwekwa jikoni, anainuka na kukaa, anainuka na kukaa, huku akijitukana kwa sauti, mpaka ichemke.

Mwisho wa mwezi dada mkubwa akafika na begi tupu mkononi. Hakutaka hata maji.

"Mama, nionyeshe."

Mama akakunja mikono kifuani, akainama mbele, akajiinua. Nusu. Akarudi kitini, pwaa. Shindilia akapiga hatua kumsaidia.

"Niguse uone!" mama akafoka. Hakuna aliyejua anamfokea Shindilia au magoti yake.

Akavuta pumzi. Akainama tena. Magoti yakatetemeka, safari hii bila mashine yoyote, na mama akasimama, wima, akimtazama bintiye machoni.

"Na ngazi?" dada akauliza, sauti imelegea.

Wakashuka, wakapanda. Mama alishika ukingo, akapumzika mara moja katikati. Mlangoni dada akaliacha begi lianguke, akaanza kulia.

"Unafikiri nataka kukufungia kwangu? Naogopa simu, mama. Naogopa jirani aniambie umelala sakafuni tangu asubuhi na mimi sijui."

Hapo mama akaelewa, na hasira zikamwisha. Akamshika bintiye mkono.

"Sikiliza, mwanangu. Nakuahidi mbele ya ndugu yako huyu: siku ngazi hizi zikinishinda, wewe ndiye utakayesikia kwanza, na utasikia kutoka kinywani mwangu."